Dunia ni punje ya ulezi: kufundisha safari za sayari kwa Kiswahili katika darasa la tano

Kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, inayohusu lugha ya kufundishia, nilikaa muhula mmoja katika shule ya msingi hapa Lubumbashi. Nilikuwa nakaa nyuma ya darasa la tano, naandika nani anasema nini na kwa lugha gani. Wiki ya tatu mwalimu mwenye darasa aliugua, na direkta akaniomba nimshikie saa za sayansi. Somo lililokuwa linafuata katika ratiba lilikuwa jua na sayari zake.

Wengi wetu katika kitivo hiki tutakuwa walimu, na wengine watasimama mbele ya watoto hata kabla ya kupata diploma. Ndiyo maana naeleza hapa nilichofanya katika majuma manne yale: mazoezi matatu yasiyohitaji kompyuta, umeme wala picha za rangi, pamoja na makosa yangu mawili. Mimi si mtaalamu wa falaki. Nilichoweza kuchunguza ni maneno, na niligundua kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa somo hili iko humo.

Somo lililoshindwa

Siku ya kwanza nilifanya kama nilivyofanyiwa mimi nilipokuwa mtoto. Niliandika majina manane ubaoni kwa Kifaransa, watoto wakayanakili, tukayaimba pamoja mpaka yakakaa kichwani. Baada ya robo saa darasa zima, watoto hamsini na kitu, liliyataja kwa mpangilio bila kukosea. Nikaridhika. Kisha nikauliza kwa Kiswahili: kati ya hizi, ni ipi mmekwisha kuiona kwa macho yenu?

Kimya. Mwishowe mvulana mmoja akasema: “Hakuna, mwalimu. Iko mu kitabu.”

Na wakati huo, kila jioni, Zuhura ilikuwa inang'aa upande wa magharibi juu ya mapaa ya mtaa wao, kabla nyota nyingine hazijatoka. Waliiona kila siku walipokuwa wakirudi kuchota maji. Nilipowaambia waitazame, kesho yake msichana mmoja alisema kwao nyota ile inaitwa mke wa mwezi, maana mara nyingine huonekana karibu naye. Kumbe waliijua sayari hiyo na walikuwa na jina lake. Jina la daftarini lilikuwa linakaa peke yake, halikutani na lile la nyumbani.

Majina na makosa yangu

Niliamua somo la pili liwe kwa Kiswahili. Nilikuta orodha ya majina ya sayari katika karatasi za zamani, nikainakili bila kuihoji: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi. Nilijivunia kwamba nimepata majina yote manane bila kukopa hata moja kwa Wazungu.

Siku mbili baadaye mtoto mmoja aliniletea ujumbe: “Babu anasema Sumbula si sayari. Anasema mwalimu alichanganya.” Babu huyo, ambaye ukoo wake ulitoka Kasongo, Maniema, alifundisha madrasa miaka mingi. Jumapili nilikwenda kumsalimia. Alinipa kiti, akaniuliza habari za wazazi wangu, na baada ya hapo akanifundisha kwa upole kama vile mimi ndiye wa darasa la tano.

Sumbula, alieleza, kwa Kiarabu ni shuke la nafaka. Ni mojawapo ya buruji kumi na mbili, yaani makundi ya nyota ambamo jua huonekana kupita katika mwaka. Saratani ni kaa, nayo ni buruji. Kausi ni upinde, nayo pia ni buruji. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo sayari. Zohali ni sayari kweli, ila orodha yangu iliisogeza mahali isipostahili. Na zebaki ni ile madini ya majimaji ambayo wachimba dhahabu huitumia. Hilo la mwisho nililielewa mara moja kama mtu wa lugha: Kifaransa na Kiingereza hutumia neno moja kwa sayari ile na kwa madini ile, na mtafsiri aliyefuata kamusi bila kutazama mbinguni alichukua neno lisilohusika.

Orodha aliyonipa mzee ndiyo hii: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Tano tu. Nilipouliza kuhusu mbili zilizobaki alicheka, akasema wahenga hawakuzitaja kwa sababu hawakuziona. Alikuwa na haki. Sayari tano zinaonekana kwa macho matupu, na watu wa kale wote walizipa majina. Uranusi iligunduliwa mwaka 1781 na William Herschel kwa darubini, na Neptuni ilionekana kwa darubini mwaka 1846. Hapo jina la kukopa halina aibu, kwa maana kitu chenyewe kilikuja pamoja na jina lake.

Nilirudi darasani nikafuta orodha yangu mbele ya watoto, nikawaambia ni nani aliyenisahihisha. Mjukuu wake alikaa wima siku nzima. Na hapo tulipata somo ambalo sikulipanga. Neno lenyewe “sayari” latoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kwenda, kusafiri; ndugu yake, sayyara, siku hizi Waarabu hulitumia kwa motokari. Wagiriki nao waliziita sayari kwa neno lenye maana ya wazururaji. Nyota nyingine hubaki katika makundi yao mwaka hadi mwaka, lakini hizi tano husafiri kutoka buruji moja kwenda nyingine. Mtoto akishalielewa neno, amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Zoezi la kwanza: kamba ya sayari

Picha za vitabuni hudanganya kwa jambo moja: huweka sayari zote karibu karibu, kama machungwa sokoni, ili zienee katika ukurasa. Dawa yake ni kupunguza kila kitu kwa kiasi kimoja, ukubwa na umbali pia. Tulichagua kipimo hiki: mita moja ya kwetu ni kilomita milioni 10 za angani.

Kwa kipimo hicho jua, ambalo upana wake ni kilomita 1.392.000 hivi, linakuwa tufe la sentimita 14. Watoto walileta mpira wa matambara wa ukubwa huo. Dunia, yenye upana wa kilomita 12.700, inakuwa kitu cha milimita 1,3. Tulitafuta kitu hicho jikoni kwa mama zao, tukakipata: punje ya ulezi. Zuhura ni punje nyingine ya ulezi. Mirihi ni chembe ya mchanga, Utaridi ni chembe ya chumvi. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote, ni njugu mawe moja, na Zohali ni njugu mawe ndogo kidogo. Uranusi na Neptuni ni mbegu mbili za papai.

Kila punje tuligandisha kwenye kipande cha katoni kwa gundi, na mtoto mmoja akawa mbebaji wake. Tukatoka uani. Mpira uliwekwa chini ya mwembe, ukutani. Kutoka hapo tukapima kwa kamba yenye mafundo: Utaridi mita 5,8, Zuhura mita 10,8, Dunia mita 15, Mirihi mita 23. Mpaka hapo watoto walikuwa wanasikilizana wakizungumza. Mshtarii inatakiwa mita 78. Ua wa shule yetu uliishia mita 60.

Ilibidi kuomba ruhusa kwa direkta, tukafungua lango, tukaingia barabarani. Mshtarii ilisimama penye nguzo ya umeme. Zohali, mita 143, iliangukia mbele ya kibanda cha mama anayeuza vitumbua. Hapo ndipo tulipopata tabu. Mama yule aliona watoto wenye kamba, mtu mzima mwenye daftari anayeandika tarakimu, akasimama: “Muko napima nini hapa? Banakuya kutubomolea?” Majirani wawili wakatoka. Kila mmoja wetu anajua kwamba katika mji huu mtu anayepima barabara huleta habari mbaya.

Kabla sijafungua mdomo, msichana aliyebeba Zohali alimjibu. Nitamwita mbeba Zohali, kwa kuwa jina lake ni lake. Katika majuma yote niliyokaa nyuma ya darasa, daftari langu halikuwa na neno lake hata moja. Saa za Kifaransa alikuwa anatazama dirisha. Sasa alimwonyesha mama njugu mawe yake, akaeleza kwamba jua liko kule chini ya mwembe, kwamba sisi sote wa Lubumbashi tuko juu ya punje ya ulezi iliyo karibu na ukuta, kwamba njugu hii ina pete za barafu kuizunguka, na kwamba hakuna mtu anayebomoa nyumba. Alichukua dakika tatu hivi. Mama aliuliza: “Na mungu iko wapi mu hii kamba?” Mtoto akajibu kwamba kamba ni ya sayari tu. Watu wakacheka, na mama akampa kitumbua.

Mimi niliandika yote. Kwa utafiti wangu, dakika tatu zile zilikuwa na thamani kuliko juma zima la kukaa darasani.

Uranusi ilifika mita 287, na Neptuni mita 450, karibu na soko. Mtoto wa Neptuni aligeuka kutafuta jua, hakuliona tena. Tuliporudi uani niliuliza: je, mwanadamu amekwisha kufika wapi katika kamba hii? Wengine walisema Mirihi. Nikaweka vidole viwili pamoja kando ya punje ya ulezi. Mwezi uko hapo, sentimita 3,8 kutoka kwetu. Watu kumi na wawili walitembea juu yake kati ya mwaka 1969 na 1972, na hakuna aliyekwenda mbali zaidi ya eneo hilo la mwezi. Mengine yote tunayoyajua kuhusu sayari tumeletewa na darubini na vyombo visivyo na mtu ndani.

Jambo moja zaidi linafaa kufanywa na kamba hiyo. Kwa kipimo chetu mwanga, unaokwenda kilomita 300.000 kwa sekunde, unatembea sentimita 3 tu kwa sekunde. Huo ni mwendo wa sisimizi. Watoto walimfuata sisimizi mmoja ukutani kuhakikisha. Kutoka kwenye mpira mpaka kwenye ulezi wetu sisimizi huyo anatumia dakika 8 na kidogo, na ndivyo mwanga wa jua unavyofanya kweli. Redio nayo huenda kwa mwendo wa mwanga, na kwa hiyo tuliweza kuingia zoezi la pili.

Zoezi la pili: kigari cha Mirihi

Chombo kinachotembea juu ya Mirihi hakiendeshwi kama motokari. Kulingana na mahali sayari zetu mbili zilipo, amri ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika kule, na jibu huchukua muda uleule kurudi. Ukiona jiwe katika picha na kupiga kelele “simama!”, gari limekwisha kuligonga zamani. Kwa hiyo waongozaji huandika mpango mzima wa siku, wanautuma, kisha wanangoja. Gari lenyewe halina haraka: Curiosity, lililotua mwaka 2012, mwendo wake wa juu kabisa ni sentimita 4 hivi kwa sekunde.

Tuligawa darasa katika vikundi. Katika kila kikundi mtoto mmoja alikuwa kigari, amefungwa kitambaa machoni. Wanne walikuwa waongozaji, wamekaa ndani ya darasa na mchoro wa ua wenye mawe, ndoo na mfereji. Mmoja alikuwa redio: anabeba karatasi ya amri kwa mwendo wa polepole, anaisomea kigari kama ilivyoandikwa, bila kuongeza neno. Mwingine alilinda kigari kisiumie. Shabaha ilikuwa kufikia ndoo.

Mzunguko wa kwanza hakuna aliyefika. Kigari cha kikundi cha kwanza, mvulana mdogo kuliko wote, aliambiwa “enda mbele hatua kumi, geuka kuume, enda hatua tano”. Aliyeandika amri alikuwa msichana mrefu aliyezipima hatua hizo kwa miguu yake mwenyewe. Hatua kumi za mvulana ziliishia mbali na mahali pa kugeukia, na akaingia mferejini. Pakawa na ugomvi: kila upande ulisema umefanya kama ilivyotakiwa. Na kweli ulifanya.

Hapo niliwasimulia chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter. Kiliondoka mwezi wa Desemba 1998, na tarehe 23 Septemba 1999 kilipotea kilipokuwa kinaingia katika mzunguko wa Mirihi. Programu ya upande mmoja ilikuwa inatoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya Kiingereza, na upande mwingine ulizisoma kama vipimo vya metriki. Tarakimu zilikuwa sahihi kwa kila upande; kilichokosekana ni makubaliano juu ya maana yake. Chombo kilishuka chini mno, kikapotea. Mvulana wetu, bado na tope magotini, alisema: “Njo vile balinifanya.”

Darasa likaamua kutunga kipimo chake. Walikata kamba kwa urefu wa meza, wakaiita “kamba moja”, na kigari kikapewa kipande sawa cha kupimia. Hilo lilitatua umbali, lakini maneno yaliendelea kuwaponza. Neno “rudi” lilileta hasara mbili: kigari kimoja kilitembea kinyumenyume, kingine kiligeuka kwanza ndipo kikaja. Yote mawili ni kurudi. “Geuka” nayo haikusema kiasi gani. Kidogo kidogo watoto walijiwekea sarufi: kila amri iwe na kitendo kimoja, upande mmoja, namba moja na kipimo kimoja. “Rudi” ikapigwa marufuku. “Geuka” ikapata maana moja tu, robo ya mzunguko. Mtoto mmoja aliuliza kama mashine inapaswa kuambiwa “tafadhali”. Walijadili, wakakubaliana kwamba haina haja, kwa sababu neno hilo halina namba.

Wale wanaosoma isimu wameona tayari kilichotokea: watoto wa miaka kumi waliunda lugha iliyodhibitiwa, yenye neno moja kwa maana moja, jinsi zilivyo lugha za kompyuta.

Mzunguko wa mwisho ulikuwa mgumu zaidi. Nilihamisha mawe mawili bila kuwaambia waongozaji. Amri nzuri tu haikutosha. Kigari kilipaswa kujiamulia. Ndivyo magari ya Mirihi yanavyofanya, yana programu ya kutambua vizuizi na kuvizunguka bila kungoja neno kutoka Duniani. Niliwapa muundo mmoja tu wa sentensi: ukikuta jiwe, geuka kushoto, usipokuta, endelea. Wengine waliandika kama wanavyosema nyumbani: “kama unakuta libwe, simama.” Kwa kigari sentensi zote mbili zilifanya kazi ileile, na vikundi vitatu vilifika kwenye ndoo. Tangu shule ya sekondari nilijua -ki- na -sipo- kama viambishi vya kujazia katika mtihani. Siku ile niliona vinampeleka mtoto aliyefungwa macho mpaka mwisho wa ua bila kujikwaa.

Zoezi la tatu: salamu ya kutuma mbali

Zoezi la mwisho lilianza na swali la mtoto: kamba ikiendelea kupita Neptuni, kuna nini? Kuna Voyager. Vyombo hivyo viwili viliondoka Duniani mwaka 1977. Mwaka huohuo, tarehe 17 Mei, kampuni OTRAG ya Ujerumani Magharibi ilirusha roketi yake ya kwanza ya majaribio kutoka Kapani Tonneo, kaskazini ya jimbo lililokuwa linaitwa Shaba, ndiyo Katanga yetu. Roketi zile za hapa hazikufika kwenye sayari yoyote, na mkataba ukafa mwaka 1979. Lakini watoto wafahamu kwamba historia hii ilipita pia katika ardhi yao.

Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu. Kwa kamba yetu hiyo ni zaidi ya kilomita 2,4: kutoka shuleni kwenda na kupita soko mara tano. Ishara yake huchukua zaidi ya saa 22 kutufikia. Na nyota iliyo jirani kabisa na jua? Kwa kipimo kilekile ni kilomita 4.000, kama kutoka Lubumbashi mpaka Aswan, Misri.

Juu ya kila Voyager kuna santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za Dunia. Kati ya nyimbo zake umo wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, uliorekodiwa na Colin Turnbull. Sauti za wasichana wa Kongo, kwa hiyo, ziko mbali kuliko sayari zote. Zimo pia salamu kwa lugha 55. Kifaransa kimo. Kiganda kimo, na Kiila cha majirani zetu wa Zambia kimo. Kiswahili hakimo.

Darasa lilichukia. Nikawaambia waandike salamu iliyokosekana, isizidi mistari miwili, kwa Kiswahili watakachopenda, na kila mmoja aisome kwa sauti. Mmoja aliandika: “Jambo yenu. Sisi watoto wa Lubumbashi tuko wazima. Na nyinyi, muko na maji?” Mwingine alitaka kujua kama kule kuna shule na kama inalipiwa. Mbeba Zohali aliandika kwamba anayesoma barua hii ahesabu sayari kutoka kwenye jua, asimame ya tatu, abishe hodi. Kwa mwalimu, sentensi hiyo yatosha kuwa mtihani: anajua mpangilio, anajua mahali pake, na anajua kuagiza mtu njia.

Kifaransa, mtihani na wazazi

Kosa langu la pili lilikuwa kuwasahau wazazi. Juma la tatu baba mmoja alikuja kwa direkta. Hakuwa na hasira, alikuwa na hesabu: analipa pesa ili mtoto ajue Kifaransa, Kiswahili anacho nyumbani bure. Mwakani watoto hawa watakuwa darasa la sita, na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi hufanywa kwa Kifaransa.

Ningeweza kumjibu kwamba Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na kwamba sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia. Lakini sheria haimsaidii mtoto anayekaa mbele ya karatasi ya mtihani. Baba yule alikuwa anauliza swali la haki, na mimi sikulipangia jibu.

Kwa hiyo juma la nne tulirudia kila kitu kwa Kifaransa. Kamba ileile, punje zilezile, amri zilezile za kigari. Tofauti na siku ya kwanza ni kwamba sasa kila neno la Kifaransa lilikuwa na mahali pa kukaa. Waliposema Saturne walitazama upande wa kibanda cha vitumbua. Mwishoni kila mtoto aliandika aya moja ya Kifaransa kuhusu sayari aliyoibeba. Aya ya mbeba Zohali ilikuwa na makosa ya tahajia karibu katika kila mstari, na ilikuwa na kila kitu: pete, barafu, umbali, na jua lisiloonekana vizuri. Kabla ya hapo alikuwa anarudisha karatasi tupu. Direkta aliisoma, akaniomba nakala ampe yule baba, ambaye mtoto wake aliandika aya safi kuliko hiyo.

Darasa moja halithibitishi nadharia, na sitadai hivyo katika kazi yangu. Ninachosema ni kidogo: mtoto aliyepata jambo kwa lugha anayoiishi alikuwa na kitu cha kupeleka katika lugha ya mtihani. Aliyepata majina tu alikuwa na wimbo.

Kwa atakayetaka kujaribu

Vifaa ni hivi: mpira wa matambara, kiganja cha ulezi, njugu mawe, papai moja, katoni, gundi, mita kumi za kamba yenye fundo kila mita, vitambaa vya kufungia macho. Omba ruhusa ya kutoka nje ya lango kabla ya siku yenyewe, na umweleze mkuu wa mtaa kwamba hupimi viwanja. Fanya kamba kwanza, kigari baadaye, salamu mwisho, kwa kuwa kila zoezi linategemea lililotangulia. Na jioni, sayari ikiwa inaonekana, watume watoto wakaitazame kabla hujafundisha jina lake.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi moja. Orodha niliyoinakili, ile yenye buruji tatu na madini moja, bado inazunguka katika karatasi za walimu. Sehemu yetu ya Kiswahili ina watu wanaojua Kiarabu na watu wanaojua kutunga istilahi. Ukurasa mmoja, wenye majina manane sahihi na asili ya kila jina, ungetosha kubandikwa katika shule nyingi za mji huu. Mzee wa Kasongo amekubali kuusoma kabla haujachapwa, ila anasema aletewe kwa maandishi makubwa, macho yake yamechoka.